Mfasiri wa Ansab

Mwana wa jirani yangu mzee alikuja hadi langoni kwangu baada ya swala ya Ijumaa, gari limesimama katikati ya njia na injini inaunguruma, akaniuliza swali moja.

"Dada yangu, wewe ndiye unayekaa naye kila siku. Niambie ukweli. Mama ana akili zake au hana?"

Nilimwomba anipe muda. Alinipa, lakini kwa masharti. Tamthilia ile tunayoiangalia naye kila alasiri ikimalizika, alisema, atamchukua mama yake akakae naye kwake Bustan, na nyumba ya hapa Ansab ataifunga. Isipokuwa mimi nimwonyeshe kwamba anakosea. Basi nikakaa kupanga ninayoyajua kuhusu yule mama, haya upande huu na haya upande ule, kama ninavyofanya kwa kila jambo ninalotaka kulielewa. Nayapanga tena hapa. Bado hayajapangika.

Tulimwita Mfasiri. Mbele yake tulisema Bi Mkubwa, kama inavyopasa. Mfasiri lilikuwa jina la pembeni, naye alilijua na nadhani lilimpendeza. Kazi aliyoifanya ujanani siitaji kwa sababu haihusiani kabisa na jina hilo. Nilipohamia mtaani kwake, katika nchi hii ya Waarabu, alikuwa tayari mjane, mwembamba, mwenye kujitanda kanga mbili ndani ya nyumba yenye kiyoyozi kikali, akilalamika baridi na kukataa kiyoyozi kiguswe. Watoto wake walikuwa wameshaoa na kuolewa. Aliishi na Marisel, Mfilipino aliyemfanyia kazi kwa miaka mingi kiasi kwamba Kiswahili alichokisema kilikuwa cha Unguja kitupu. Marisel alimwita Lola, neno ambalo kwao ni bibi.

Lugha aliyoifasiri Mfasiri ilikuwa Kitagalog, nayo hakuijua.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Marisel alikuwa na king'amuzi cha kupata stesheni za kwao, na alizoea kuangalia tamthilia moja jikoni, kwenye televisheni ndogo, huku akikatakata vitunguu. Mfasiri akaisikia milio ya panga, akaenda kuchungulia, akaamuru kisogezwe sebuleni kwenye televisheni kubwa. Tangu siku hiyo, kila alasiri, majirani wanawake tulikusanyika kwake kwa kahawa, tende na mkate wa ufuta, na yeye akatufasiria. Maandishi ya chini hayakuwepo kwa lugha yoyote. Kulikuwa na sauti yake tu.

Ilikuwa tamthilia ya gharama kubwa; kulijua hilo hakukuhitaji mfasiri. Merikebu ziliungua baharini. Ndege wakubwa kama nyumba walibeba askari mgongoni. Binti wa mhunzi, ambaye kaka yake alichukuliwa kwa nguvu na jeshi la kifalme, alipita kisiwa hadi kisiwa akimtafuta, na kila kisiwa kilikuwa na mavazi yake, silaha zake na namna yake ya kupigana. Mfasiri aliiheshimu gharama hiyo. "Hapa pesa imemwagwa," alisema kila askari walipoonekana wengi. Lakini shamba la migomba lilipotiwa moto katika vita moja, alikasirika kwelikweli.

"Migomba yote ile," alisema. "Na mikungu imebeba. Hawa watu hawali?"

Mimi niligundua kwamba merikebu ile ile ilichomwa zaidi ya mara moja, ila ilipigwa picha kutoka upande mwingine. Nilipomwambia, alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, merikebu weye unazijulia wapi? Nyinyi watu wa Tabora."

Wazazi wangu walitoka Tabora, na alilikumbuka hilo kila aliposhindwa hoja.

Namna yake ya kufasiri ilikuwa na taratibu, na taratibu hizo hazikubadilika. Hakumkatiza mtu. Alisubiri msemaji amalize, akavuta pumzi, kisha akaanza: "Anasema." Mtu akipiga kelele kwenye skrini, yeye alishusha sauti. Mtu akinong'ona, alitufasiria kwa sauti ya kutosha nyumba ya pili. Alikataza kuulizwa kitu katikati. Aliyeuliza aliambiwa, "Kwani nawe una haraka ya nini, una ndege unaiwahi?"

Na watu wake wote walikuwa na adabu. Katika tafsiri yake hakuna aliyeingia mahali bila hodi wala aliyeanza maneno bila kuulizana khabari. Nakumbuka siku muuaji alipopita dirishani kwa sultani mzee, usiku wa mvua, kisu amekibana kwa meno. Alitoa sauti fupi tu. Mfasiri akavuta pumzi.

"Anasema: Masalkheri mzee wangu, khabari za siku nyingi, watoto hawajambo? Samahani, nimetumwa nije nikuue."

Jirani wa nyumba ya kona, ambaye ndiye mcheshi wetu, hakuweza kuvumilia. "Bi Mkubwa, na kisu kiko mdomoni. Kayasema vipi yote hayo?"

"Kalelewa," alijibu Mfasiri, na hakuondoa macho kwenye televisheni.

Mambo ya upande wa kwanza ni haya: alikuwa mtu mkali sana kuhusu ukweli. Muuza samaki alikuja na gari lake la wazi akamwambia nguru wale wametoka pwani ya Qantab asubuhi. "Asubuhi ya lini?" akauliza, akamfungua samaki shavu kwa kidole, akamwonyesha. Jirani wa kona aliposema mjukuu wake ameongoza darasa, Mfasiri alimkumbusha mbele yetu sote kwamba wiki iliyopita alitwambia ni wa tatu. Hakuwa na ukatili. Alishindwa tu kuuacha uwongo upite. Nimemwona akimrudisha fundi cherehani kwa sababu ya upindo uliozidi unene wa kucha. Mtu wa namna hiyo, nilijiuliza, anakaaje kila alasiri akitusimulia maneno ambayo hayajui?

Kwa sababu ya swali hilo nilianza kujifunza Kitagalog. Nimezoea kujifunza peke yangu. Shule yangu ilikoma mapema, na mengi ninayoyajua nimeyapata kwa vitabu vya mitumba na subira. Nilianza na nambari na majina ya jamaa, kisha vitenzi. Marisel alinisaidia matamshi jikoni. Baada ya mwaka mmoja hivi nilianza kuokota sentensi kwenye tamthilia, kwanza chache, baadaye nyingi. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa.

Nilitarajia kugundua kwamba alibuni yote. Ingekuwa rahisi. Mengi kweli aliyabuni. Binti wa mhunzi alisimama mbele ya ngome inayoungua akasema, "Sina tena pa kwenda." Mfasiri akasema: "Anasema, mwacheni mwanamke apite, ana mtoto mgongoni." Hakukuwa na mtoto. Lakini mara nyingine alipata sawasawa, hata jambo ambalo picha haikuweza kumwambia. Jemadari aliinama mbele ya malkia na kuzungumza kwa muda mrefu, na Mfasiri akatuambia kwamba huyu bwana anakiri kuwa yeye ndiye aliyemuuza yule kaka. Ndivyo jemadari alivyosema. Uso wa jemadari haukuonyesha kitu. Ulikuwa uso wa mtu anayetoa ripoti.

Nilimfuata Marisel jikoni. Nilijua kwamba kila asubuhi alimpaka bibi yake mafuta ya nazi kichwani na kumsuka, na kwamba kazi hiyo huchukua muda na ina mazungumzo.

"Marisel, wewe ndiye unayemwambia hadithi kabla?"

"Mie?" alisema, na kuendelea kuosha vikombe. "Mie sijui kitu, dada. Mie napika tu."

"Kwa hiyo anajuaje?"

"Lola anajua."

"Na anapokosea mbona humsahihishi?"

Alinigeukia kana kwamba nimemtaka afanye jambo la aibu. "Anasema yeye," akajibu. "Mie nimwambie nini?"

Sikupata zaidi ya hapo, wala siku hiyo wala nyingine. Marisel alikaa nasi kila alasiri kwenye kiti cha karibu na mlango wa jikoni, akisikiliza kwa masikio mawili, moja la kwao na moja la kwetu. Hakuwahi kukunja uso, hakuwahi kucheka mahali pasipochekesha katika Kiswahili. Miaka yote hiyo hakutia neno.

Upande wa pili nao una mambo yake, na mwanawe aliyajua zaidi yangu. Yeye ni mkubwa katika ofisi moja ya serikali, mtu wa mikutano. Mama yake alikuwa akimpigia simu katikati ya mikutano hiyo. Akipokea kwa hofu, alisikia: "Wameshavuka mto." Akiuliza nani, simu ilikuwa imeshakatwa. Aliniambia jambo hili kwa hasira, lakini niliona kwamba aliijua hadithi ya mto. Nadhani kuna siku aliuliza.

Mimi mwenyewe niliona haya. Alitia chumvi mara mbili kwenye mchuzi, kisha akamgombeza Marisel. Aliniita kwa jina la mama yangu, ambaye alimwona mara moja tu, arusini. Alivaa abaya yake nyeusi yenye nakshi, akakaa sebuleni akisubiri kupelekwa kwenye sherehe za fungate ya binti wa jirani ambaye alikuwa tayari ana mimba ya pili. Siku nyingine aliniuliza kama amekula. Nikamwambia amekula, pamoja nami, wali na papa. Akasema, "Najua. Nakupima."

Hapo ndipo tatizo langu lote lilipo. Kila kosa lake lilikuwa na sentensi ya namna hiyo nyuma yake, na sikuweza kujua kipi kimetangulia.

Kulikuwa na safari ya Qantab. Alisisitiza tumpeleke kuona mahali ambapo binti wa mhunzi alishuka pwani katika msimu wa kwanza. Jirani wa kona aliendesha gari. Tulifika kwenye ile ghuba ndogo, majabali yameizunguka, boti za wavuvi zimepandishwa mchangani. Mfasiri alitembea taratibu hadi ukingoni akiwa ameshika mkono wa Marisel, akanyoosha kidole.

"Alishukia pale, kwenye jabali lenye tobo. Kisha akalala pale."

Mvuvi mmoja aliyekuwa akitengeneza wavu aliuliza kwa Kiarabu ni nani aliyelala pale. Mfasiri akamweleza kwa Kiarabu, kwa kirefu: msichana, baba yake mhunzi, anamtafuta kaka yake. Yule mvuvi akawa na wasiwasi. Akauliza kama polisi wamejulishwa.

"Polisi ndio waliomchukua huyo kaka," alisema Mfasiri.

Jirani wa kona alicheka hadi akakaa mchangani. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nautazama uso wa Mfasiri, nao haukuwa na utani wowote. Tulipokuwa tukirudi nilimwuliza, kwa upole, kama anajua kwamba picha zile zilipigwa Ufilipino. Akasema, "Ufilipino kuna mawe, na hapa kuna mawe. Wewe ulitaka nipande ndege?"

Na sasa msiba, kwa kuwa msiba ndio uliomleta mwanawe langoni kwangu.

Katika msimu wa mwisho, sultani mzee, ambaye alinusurika na yule muuaji mwenye adabu, aliuawa hatimaye na mtoto wa ndugu yake. Ilitokea ghafla, mezani, wakila. Mfasiri hakufasiri chochote siku hiyo. Tulipoondoka alichukua simu na kutuma ujumbe wa sauti. Alikusudia, kama alivyosema baadaye, kutuma kwenye kikundi chetu cha kahawa, kwa jirani mmoja aliyekosa kuja. Aliutuma kwenye kikundi cha ukoo mzima. Nimeusikia ujumbe huo mara nyingi, kwa sababu kila mtu Ansab anao. Sauti ni nzito na tulivu.

"Wenzangu, mzee wetu katutoka. Kauliwa na mtoto wa nduguye, tena mezani kwake mwenyewe. Mie hali sina. Tumwombee."

Ukoo huo ulikuwa na mzee mmoja mgonjwa, shemeji yake Mfasiri, na huyo shemeji alikuwa na mtoto wa ndugu ambaye hawakuelewana naye kuhusu shamba. Sina haja ya kueleza zaidi. Nilipofika alasiri ya siku iliyofuata, magari yalikuwa yameziba njia pande zote mbili. Wanawake wenye abaya nyeusi walikuwa wakiingia na masufuria ya wali, harisi ya ngano na nyama, mbuzi mzima juu ya sinia, katoni za maji. Kwetu mfiwa hapiki. Jirani na jamaa ndio wanaopika na kuleta, na hakuna anayesubiri kuombwa. Ndani, watu walikuwa wamekaa chini kuzunguka kuta, na mama mmoja mwenye sauti nzuri alikuwa akisoma Yasini.

Mfasiri alikaa mahali pa mfiwa. Alikuwa akipokea mikono.

Nilimkaribia nikainama. "Bi Mkubwa, wanadhani ni shemeji yako."

"Nyamaza," alinong'ona. "Watu wanasoma."

"Shemeji yako yu hai."

"Najua yu hai. Kaa kitako."

Nilikaa. Sikujua nifanye nini kingine. Marisel alipita na kahawa, macho chini, kama anavyopita msibani mtu aliyefunzwa. Tulikuwa katika hali hiyo simu ya mama mmoja ilipolia, naye akapokea, akapauka, akaizuia kwa kiganja. "Ni yeye," alisema. "Ni marehemu. Anauliza nani kafa."

Mwanawe aliwasili muda mfupi baadaye na ikambidi asimame mlangoni, mtu mwenye cheo chake, kuwaeleza jamaa wa baba yake na wa mama yake kwamba aliyekufa ni mtu wa kwenye televisheni. Wengine walicheka, na wengine, waliotoka mbali, hawakucheka hata kidogo. Mama mmoja alisimama katikati ya uwanja akidai sufuria lake. "Siondoki bila sufuria langu, wallahi. Na wali wangu pia nitauchukua." Mwingine alisema kwamba ikiwa Yasini imeshasomwa haiwezi kurudishwa, basi apewe huyo sultani, maskini, huenda hana wa kumsomea.

Jioni hiyo, wote walipokwisha kwenda, nilimwuliza Mfasiri kwa nini aliwaacha wakae.

"Walikwisha kuja," alisema. Alikuwa anakula harisi kwa kijiko kidogo. "Wengine sijawaona tangu arusi ya mwanangu huyu. Ningewaambia nini, rudini makwenu? Umeona walivyojaa?"

Nikafikiri: basi alijua. Akili anazo, na zaidi ya watu wengi. Nilikuwa tayari kwenda kumpigia mwanawe simu. Kisha akafuta mdomo, akaniambia kwa sauti ile ile, "Lakini mke wa sultani hakuja. Hilo sikulipenda."

Ndiyo maana mwanawe aliponiuliza siku ile langoni, sikuwa na jibu, na baada ya kuyapanga yote haya bado sikuwa nalo. Nilimweleza hivyo. Nilimwambia pia jambo moja nililokuwa na uhakika nalo: kwamba alikuwa akitaka kumhukumu mama yake kwa jambo ambalo hajawahi kuliona. Alizisikia simu tu, na alifika msibani mwishoni. "Njoo ukae mara moja, akiwa anafasiri," nilisema. "Kisha uamue mwenyewe."

Alikuja siku ya sehemu ya mwisho. Alikuja akiwa ameshaamua, nadhani, maana alimwagiza Marisel asubuhi afunge begi la mama yake, na begi hilo lilisimama ukutani sebuleni, kubwa, la magurudumu, na hakuna aliyelitazama. Kuhusu Marisel ilieleweka bila kutamkwa. Huko Bustan kulikuwa na msaidizi tayari. Nyumba ikifungwa, yeye anarudi kwao.

Mwanawe alikaa kwenye kochi la peke yake, kanzu imenyooka, kilemba kimefungwa kama cha kwenda ofisini. Jirani wa kona alimpisha nafasi kwa heshima kisha akaninong'oneza kwamba leo hata kucheka kutahitaji kibali.

Sehemu ya mwisho ilikuwa ndefu. Binti wa mhunzi alimpata kaka yake. Yule mtoto wa ndugu aliyemuua sultani alipinduliwa na kutupwa baharini. Ndege wakubwa walitua juu ya ngome, mmoja baada ya mwingine, na Mfasiri alisema pesa imemwagwa. Alifasiri vizuri. Kila mtu alisalimiana. Hata aliyetupwa baharini alipewa nafasi ya kuaga. Niliona mwanawe akijikuna kidevu ili kuficha tabasamu, kisha akaacha kuficha.

Halafu likaja jambo la malkia mzee. Vita vimekwisha, mfalme mpya amekaa, na malkia anaondoka kwenye ngome aliyoishi maisha yake yote. Mtumishi anabeba kasha lake kuelekea merikebuni. Malkia anasimama mlangoni, anapiga magoti, anagusa kizingiti. Kisha anamwambia mfalme maneno machache. Nilikuwa nimeshajifunza vya kutosha kuyaelewa bila shida. Yalikuwa maneno ya somo la mwanzo. Alisema: Nimechoka. Chukueni kila kitu. Sitarudi tena.

Mfasiri alivuta pumzi. Safari hii alichelewa, hadi jirani wa kona akamtazama.

"Anasema," alianza, "Masalkheri, mwanangu. Anasema, nyumba yako ni nzuri na inapepewa na upepo wa bahari. Nitakuja kutembea. Alkhamisi nitakuja, nikae na wajukuu, na Jumamosi unirudishe kwangu. Na funguo anazo mwenyewe, hampi mtu."

Kwenye skrini malkia alikuwa akilia kwa uchungu mkubwa.

"Bi Mkubwa," alisema jirani wa kona taratibu, "kama anakwenda kutembea tu, mbona analia hivyo?"

"Chakula cha mkwewe anakijua."

Mwanawe alicheka. Ilimtoka kama kikohozi, akaweka mkono mdomoni, na mabega yakaendelea kutikisika. Alipotulia alinigeukia mimi. Alikuwa amesikia kwamba nimejifunza lugha ile. "Dada," alisema, "ndivyo alivyosema?"

Nilifungua mdomo. Lakini aliyejibu alikuwa Marisel, kutoka kwenye kiti chake cha mlangoni, huku sinia la vikombe limelala mapajani mwake.

"Ndivyo, bwana," alisema. "Neno kwa neno."

Hakuna aliyewahi kumsikia akitia neno katikati ya mchezo. Sebule yote ilimgeukia. Yeye alinitazama mimi, na nikakinywa kikombe changu cha kahawa ambacho kilikuwa kitupu.

Mwanawe alitazama hadi muziki wa mwisho ulipoanza. Kisha akainuka, akalishika begi, akalisukuma kwa magurudumu yake hadi chumbani kwa mama yake, akarudi mikono mitupu. "Alkhamisi baada ya alasiri," alisema.

"Usinicheleweshe. Na Marisel nakuja naye."

"Na Marisel."

Alimbusu mama yake kichwani, akatuaga sote, tukasikia gari likiondoka. Jirani wa kona naye akaenda kupika. Nilibaki mimi, nikiwa na furaha na sijui kama nina haki ya kuwa nayo. Mfasiri alijitanda kanga yake vizuri, akaniinamia.

"Yule aliyekaa pale," aliuliza, "ni nani?"

Nikasema polepole, "Mwanao, Bi Mkubwa."

Alinitazama kama mtu anayemsubiri mtoto mzito wa kuelewa. "Mwanangu namjua, nimemzaa mie. Nakuuliza kule." Alielekeza kidole kwenye televisheni, ambako majina ya waigizaji yalikuwa bado yanapanda. "Kule yeye ni nani?"

Niliuchunguza uso wake na haukunisaidia. Basi nikafanya ninachokijua. Niliwapitia watu wa tamthilia mmoja mmoja kwa utaratibu: mfalme mpya, jemadari, kaka aliyepatikana. Hakuna aliyefaa. Mwishowe nikasema, "Ni yule aliyebeba kasha la malkia."

"Yule hawakumpa hata jina," alisema. "Wala hajasema neno tangu mchezo uanze."

"Hajasema."

"Basi Alkhamisi nikifika kwake nitamwuliza alikuwa anataka kusema nini."